Kabla ya Kuleta Mbwa Nyumbani

Hotuba kwa wakazi wa mtaa, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Kisumu

Mzee wa mtaa, akina mama na akina baba, vijana, na nyinyi watoto mlioshika kamba za mbwa huko nyuma, hamjambo. Asanteni kwa kufika mapema kabla jua halijawa kali. Wenzangu bado wanapanga meza, kwa hivyo nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi kidogo. Nimeomba nisizungumzie sindano, maana hiyo mtaiona wenyewe. Nataka tuzungumze juu ya jambo linaloitangulia: ni mbwa gani unamleta nyumbani kwako, na kwa nini huyo.

Kaunti yetu ni miongoni mwa kaunti 5 zilizotangulia katika mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, pamoja na Siaya, Makueni, Kitui na Machakos. Mpango huo ulianza mwaka 2014 na unalenga mwaka 2030. Msingi wake ni kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupitia. Anayeiharibu hesabu hiyo ni mbwa asiye na mwenyewe, kwa kuwa hana wa kumleta hapa. Na wale wanaozurura Kondele usiku, au kando ya soko wakisubiri vichwa vya samaki, wengi wao hawakutoka porini. Walikuwa na kwao. Mtu alimchukua mtoto wa mbwa kwa kuwa anapendeza. Akakua. Akala kuliko walivyodhani, akachimba maua ya mama, akabweka usiku kucha, jirani akalalamika, na asubuhi moja geti likaachwa wazi makusudi. Mbwa yule aliharibikiwa siku alipochaguliwa.

Watu wengi hunijia wakisema, "Daktari, nitafutie mbwa mkali." Mimi huwauliza kwanza: mchana nyumbani hubaki nani? Baba yuko kazini, mama yuko dukani, watoto shuleni hadi jioni, na Jumamosi wote mko mazishini au harusini ushago. Basi huyo mbwa mkali atalelewa na nani? Mbwa hujifunza watu kwa kukaa na watu, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake. Anachokutana nacho wakati huo, awe mtoto anayelia, mgeni mwenye kofia, boda boda au jogoo, hukizoea kirahisi. Asichokutana nacho huja kukiogopa, na mbwa mwenye woga ndiye anayeuma bila kuonya. Ukimfungia kwenye kibanda giza ili awe mkali, unafuga woga.

Kwa hiyo tuanze na nyumba. Ukiishi kwenye ploti, vyumba vikitazamana, bomba moja na geti moja, mbwa wako umewachagulia majirani wote. Mtoto wa chumba cha tatu atapita mlangoni kwako usiku akienda chooni. Mama wa chumba cha mwisho ataanika omena uani. Mwenye ploti muulize kabla, na akikubali akuandikie, maana msimamizi wa ploti akibadilika, ruhusa ya mdomo huondoka naye. Katika ploti za Nyalenda na Manyatta nimeona mbwa wanaoishi vizuri sana na watu, na wote walikuwa wa namna moja: wapole, wadogo au wa kadiri, wanaojulikana kwa majina na kila mtoto wa hapo. Sijaona mbwa mkubwa wa ulinzi akifaulu kwenye ploti. Kama unamtaka mmoja na unaishi hapo, nakusihi, subiri mpaka upate boma lako.

Mwenye boma naye, Kibos au kule Riat, asidhani nafasi peke yake inatosha. Angalia fensi yako kwa macho ya mbwa, yaani piga magoti uitazame chini. Michongoma iliyo mizito juu huwa na matundu kwenye shina, na mbwa mwenye hamu ya kutoka atayapata siku ya kwanza. Watu wengi hapo ndipo hukimbilia mnyororo. Nendeni mkatazame mbwa anayefungwa chini ya mwembe mwaka mzima. Udongo umeliwa ukawa duara tupu kwa nyayo zake, shingo imechubuka chini ya manyoya, na sufuria ya maji imepinduka sentimita chache nje ya pale mnyororo unapofika. Huyo hawezi kulinda chochote, kwa kuwa mwizi anajua mnyororo unakoishia. Na sheria ya nchi hii, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, hata kama ni mali yako.

Sasa tuje kwa mbwa mwenyewe. Kila mbegu ya mbwa ilitengenezwa na watu kwa ajili ya kazi, na ile kazi haitoki kwenye damu kwa sababu amehamia mtaa wa Milimani. Mwaka 1899 afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchunga kondoo akamwandikisha kuwa wa kwanza wa mbegu tunayoiita German Shepherd. Alitaka mbwa wa kutembea na kundi kutwa nzima, msikivu, mwenye kufikiri. Huyo ndiye unayemfungia uani leo. Hapewi kondoo, hapewi matembezi, hapewi mafunzo. Akili ile haikai bure. Anazunguka ukuta mpaka nyasi zinakwisha, anakimbizana na kila pikipiki kwa upande wa ndani wa fensi, anararua nguo kwenye kamba, na siku moja binamu ya watoto anakuja likizo, anakimbia uani, anakamatwa mguu. Watu husema mbwa ameharibika. Alikuwa anachunga.

Sisemi msimfuge. Nampenda mbwa huyu kuliko ninavyoweza kueleza. Ninachosema ni kwamba anataka mtu mmoja nyumbani mwenye saa nzima kila siku, asubuhi au jioni, ya kutembea naye na kumfundisha. Dume lake hufika kilo 30 hadi 40, na nyonga zake zina udhaifu wa kurithi, kwa hiyo ukienda kununua omba uwaone wazazi wakitembea. Mzazi anayeyumba nyuma au anayenyanyuka kwa shida, mwache hata kama bei ni nzuri.

Rottweiler alitoka mji wa Rottweil huko huko Ujerumani, mbwa wa wachinjaji na wa kuswaga ng'ombe. Ana nguvu za kumsukuma ng'ombe dume. Fikiria nyanya yako kwenye veranda kabla hujamchukua. Vimbwa vya mbegu ya terrier, vile vifupi vyenye moto, vilifugwa kufuata mbweha na panya mashimoni. Ukikileta kimoja, bustani ya sukuma wiki itachimbwa, na huna haki ya kukichapa kwa hilo. Japanese Spitz, yule mweupe mwenye manyoya mengi, anafaa nyumba ndogo na anapenda watu, lakini hubweka kwa kila kishindo na manyoya yake yanataka kuchanwa mara kwa mara, la sivyo kupe hujificha humo usiwaone.

Na hapa niseme jambo la Kisumu hasa. Sisi tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na mwezi wa Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30. Ndugu zetu wa Nakuru wako juu zaidi, kwenye mita 1,850 hivi, usiku wao una baridi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Mbwa mwenye uso bapa na pua fupi, kama Bulldog au Pug, njia yake ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa, na saa saba mchana hapa kwetu kuhema hakumtoshi. Na sasa vijana wameanza kumtaka Husky kwa sababu ya macho ya bluu. Husky alifugwa na watu wa Siberia kuvuta sileji, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu, kwenye theluji. Ana manyoya tabaka mbili. Kumweka Kisumu kwenye kibanda cha mabati ni mateso, na sitamsaidia mtu yeyote hapa kumtafuta.

Wakati huo huo, mbwa aliyeumbwa na jua letu hili tunamrushia mawe. Namaanisha mbwa wa kienyeji. Mnamjua: nywele fupi za rangi ya mchanga au nyeusi na nyeupe, mkia umejikunja, miguu mirefu, kilo 15 hadi 20, masikio yanayogeuka kabla wewe hujasikia kitu. Watu hudhani ni chotara wa mbwa wa Wazungu waliotoroka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza mbwa wa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, na wale wa Uganda, majirani zetu, walionekana kwa sehemu kubwa kuwa ukoo wa asili wa bara hili. Kazi yake ya miaka na miaka imekuwa kukaa kando ya watu, kula kidogo, kutambua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani, na kupaza sauti. Tafadhali niambieni, je, si hiyo hasa ndiyo kazi ambayo wengi wenu mnataka ifanywe?

Kupe huonekana haraka kwenye nywele zake fupi. Joto halimsumbui sana. Akipata mafunzo tangu mdogo huketi, huja akiitwa, hutembea na kamba. Lakini msidanganyane kwamba kienyeji haugui. Chanjo anaihitaji sawasawa na yule wa bei kubwa, dawa ya minyoo vilevile, na mtoto wa kienyeji asiyechanjwa huuawa na pavo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, kwa siku chache tu. Nimewaona watu wakiacha watoto watatu wazuri wa kienyeji kwa jirani, wakaenda kununua "German Shepherd safi" kando ya barabara, na baada ya miezi sita masikio hayakusimama na mwenye kuuza simu yake haipatikani. Mchagua nazi hupata koroma.

Chakula nacho ni sehemu ya kuchagua, na wengi hulifikiria mbwa akishafika. Ugali mtupu haumlei mbwa. Mtoto wa mbegu kubwa anayekua kwa ugali na supu peke yake miguu yake ya mbele hupinda, na mifupa ikishapinda si rahisi kuirudisha. Sisi tuna bahati ya ziwa. Omena ikiliwa nzima na mifupa yake humpa mbwa protini na madini ya mifupa kwa pamoja. Ioshe kwanza, kwa sababu ile iliyoanikwa chini ina mchanga, kisha ichemshe na uchanganye na ugali. Mgongo wazi wa Obunga, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, pia ni chakula kizuri, ila uchemshe mpaka mfupa uvunjike ukiubonyeza kwa vidole viwili. Kama bado unachoma kidole, utachoma koo. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Na mabaki ya mchuzi uliojaa vitunguu yasiwe chakula chake cha kila siku, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Kuna jaribio ninalowapa watu, na wengi wameniambia limewasaidia. Mwezi mmoja kabla ya kumleta mbwa, kila jioni tenga pesa ya chakula chake kwenye kopo. Kila asubuhi amka saa kumi na mbili utembee nusu saa, mvua inyeshe isinyeshe, kana kwamba umeshika kamba. Panga pia nani atamlisha mkienda ushago Desemba. Mwezi ukiisha na kopo lina pesa na wewe bado unaamka, uko tayari. Usipofika, hakuna aibu. Ongeza taa ya usalama uani, jiunge na majirani wako wa Nyumba Kumi, na mbwa hajateseka.

Juu ya ulinzi, najua ndiyo sababu ya wengi. Mwizi huchukia kelele, kwa maana kelele huamsha watu. Mbwa wa kadiri mwenye sauti, anayelala karibu na dirisha lako, anakufaa kuliko jibwa lililofungwa nyuma ya choo. Mfundishe kula kwenye sahani yake tu na kutoka mkononi mwa watu wa nyumbani tu, kwa sababu wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta. Hayo ni mafunzo ya dakika chache kila jioni, na watoto wanaweza kuyafanya mkubwa akiwepo.

Watoto ndio ninaowahofia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema watu 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kama una mtoto anayetambaa, usilete mbwa mkubwa ambaye hujui alikolelewa. Fundisheni watoto wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Na kama jirani yako ni Mwislamu, fahamu kwamba mate ya mbwa ni najisi kwake na yanamlazimu kuosha nguo na vyombo kwa utaratibu wake kabla ya swala. Dini yake haimkatazi mbwa wa ulinzi wala wa mifugo, lakini mbwa anayemrukia mtu akiwa na kanzu saa ya Ijumaa amemharibia siku. Mbwa wa kurukia watu asiishi karibu na mlango wa msikiti, ni hivyo tu.

Jike au dume? Hapa nina uchungu na nitausema. Jike akizaa, watu hugawa madume, na majike hutiwa kwenye gunia, hutupwa jalalani au kando ya mto. Jike ni mlinzi kama dume, mara nyingi hazururi kama dume, na hujifunza upesi. Shida yake ni uzazi: huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, na madume ya mtaa mzima yatalala getini. Dawa ya hilo ni kumfunga kizazi kwa daktari, chini ya dawa ya usingizi, mara moja ikaisha. Gharama hiyo iweke kwenye hesabu siku unapoamua. Anayetupa majike leo ndiye anayelalamikia mbwa wa kuzurura mwaka ujao.

Ukishaamua, nenda umchukue kwa macho wazi. Taka kumwona mama yake. Mama mwenye hofu anayejificha au kushambulia amekwisha kuwafundisha watoto wake. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Anayeuza atakwambia ana miezi miwili, wewe mfungue mdomo. Mtoto wa mbwa aliyefika wiki 8 karibu awe na meno yote 28 ya utotoni, hata yale ya nyuma. Ukiona ufizi mtupu nyuma, umedanganywa umri. Ufizi wenyewe uwe wa rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, ana minyoo au kupe wamemnyonya damu. Tumbo la duara gumu juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo. Inua mkia utazame kama kuna kuhara. Piga makofi nyuma yake uone kama anasikia. Tenganya vidole vyake vya miguu, kwa maana funza hupenda hapo, na funza wa mbwa huhamia kwa watoto. Wale wenye jamaa upande wa bonde la Lambwe, mbung'o wa huko hubeba ugonjwa wa malale ya mifugo, na mbwa ni dhaifu sana kwake. Mbwa aliyetoka huko akiwa amekonda na macho yamekuwa na ukungu, mlete kwetu kwanza.

Wala usimkatae mbwa mzima. Mbwa wa miaka mitatu ambaye mwenyewe amehamishwa kazi tayari unaijua tabia yake, unajua ukubwa wake, na amekwisha kuacha kutafuna viatu. Kwa wazee wanaoishi peke yao mimi humpendekeza huyo kabla ya mtoto.

Naona meza ziko tayari. Mtoto wa mbwa aliyefika miezi 3 achanjwe leo, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa kwake aliyechanjwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Foleni ianzie upande huu wa kivuli. Majike wenye joto wapelekwe upande wa pili wa kanisa, daktari atawafuata huko. Watoto waliokuja na mbwa wakubwa, wampe mtu mzima kamba. Na mkipewa kadi, hakikisheni jina la mbwa na tarehe vimeandikwa kabla hamjaondoka mezani.